Msalaba wa Chaki kwenye Katoni ya 212

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Septemba 1997

Dada Siwema,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa mzima na nimeshiba, kwa hiyo usianze kuniuliza kama ninakula. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na mdogo wetu Tatu je? Nimeota amejifungua mapacha. Mwambie shemeji Zakayo achonge vitanda viwili, na mwambie Tatu kwamba mjomba mtu yuko macho: asikubali jina lolote kutoka upande wa mume kabla mimi sijasema neno. Kwetu jina la mtoto linatoka kwa mjomba, na mimi ndiye pekee mliye naye.

Hapa dukani mambo yamebadilika. Tangu biashara zilipofunguliwa, dawa zinaingia kutoka kila pembe, na kila mwenye duka la jumla anataka kompyuta hata kama hajui inakula nini. Bosi wangu Bhavin, mtoto wa marehemu mzee Ghanshyam, ameleta programu kutoka Bombay. Kila katoni ikiingia kwenye ghala letu la Gerezani inapewa namba. Mhakiki anaitazama, kisha anakaa mbele ya kioo na kuamua: kuna kitufe kipana cha Pitisha, na ubavuni mwake, upande wa kulia, chembamba cha Zuia. Akiamua, inatoka lebo yenye jina lake, tarehe na saa mpaka sekunde. Katoni isiyo na lebo ya kupitishwa haipandi lori.

Mhakiki wetu ni Zamzam, binti wa Kilwa, mwenye cheti cha dawa. Kazi yake ni safi. Anafungua kila katoni, anatazama chupa kwenye mwanga, anaandika namba kwenye karatasi, na mbovu anaichora msalaba wa chaki. Tabu inaanzia kwenye mausi, kile kipanya cha kompyuta cha kubonyezea. Katoni moja inataka mibonyezo minne, na katoni ni mia tatu. Kiganja cha Zamzam kimevimba mpaka anakitumbukiza kwenye maji ya moto kila mchana. Zamzam halalamiki, lakini mimi naona. Nimeamua kumtafutia dawa ambayo hata nyie wauguzi hamna.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Filbert

*

Masasi
3 Oktoba 1997

Mdogo wangu Filbert,

Marahaba. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau kama inamuuma na anakwenda shamba. Tatu hajambo. Tumbo limeshuka mapema, na mimi nasema wiki ya kwanza ya Desemba. Nimemwambia atajifungulia kwangu zahanati. Amekubali kwa sharti kwamba nisimpigie kelele kama ninavyowapigia wengine.

Barua yako ina mistari arobaini, na Zamzam yumo kwenye mistari kumi na mmoja. Nimehesabu. Kazi yangu ni kuhesabu mapigo ya mishipa ya watu, siwezi kuacha. Mama ameuliza ni wa ukoo gani, nikamwambia ni wa ukoo wa mausi.

Sasa nikuulize kwa uzito. Kama Zamzam ameshatazama, kwa nini asibonyeze mwenyewe, hata polepole? Mimi kabla ya kuchoma sindano nasoma kichupa mara tatu: ninapokishika, ninapovuta dawa, na ninapokiweka chini. Mwalimu wetu alitufundisha hivyo, tukamcheka, lakini nimeshajikamata nakosea mara mbili kwenye kule kusoma kwa tatu. Kurudia kunachosha, ndiyo. Usije ukamtibu mtu uchovu ukamwondolea na macho.

Orodha ya zahanati yetu itafika kwenu kupitia wilaya. Humo kuna kwinini, bandeji, na ergometrine, ile sindano ya kuzuia damu mama anapojifungua. Vingine naweza kuvumilia vikichelewa. Hiyo siwezi.

Dada yako,
Siwema

*

Kariakoo
9 Novemba 1997

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya pili mpe mama. Nimemnunulia Tatu kanga. Maneno yake sikuandikii, atasoma mwenyewe na kukasirika.

Dawa ya kiganja imepatikana! Nilinunua kitabu cha mtumba pale Posta, kimechanika jalada, na humo nikakuta siri. Programu ya Bombay haipokei orodha kwa njia yoyote, inasikiliza mausi tu. Lakini Windows yenyewe, iliyo chini ya programu zote, ina amri zake za ndani. Ukiita moja kwa jina, kile kishale cha kwenye kioo kinaruka hadi mahali ulipopataja kwa namba: hatua kadhaa kutoka kushoto, hatua kadhaa kutoka juu. Ukiita nyingine, inakuwa kama kidole kimebonyeza. Ukiita ya tatu, kidole kimeachia. Programu ya Bombay haijui kwamba hakuna mkono. Siku ya kwanza nilisahau ile ya kuachia, mashine ikabaki imekamata kitu na kukiburuta kioo kizima, Zamzam akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa Zamzam ananipa karatasi yake, naandika namba kwenye faili, anafungua mashine kwa neno lake la siri, na kishale kinakwenda chenyewe. Nzima, Pitisha. Mbovu, Zuia. Katoni mia tatu kwa dakika ishirini. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Wiki iliyopita ilikuwa Diwali. Mama Jashoda, mama yake Bhavin, huombea vitabu vya duka kila mwaka, na mwaka huu akasema kompyuta nayo ni kitabu. Tulileta mashine ya ghalani hadi dukani. Aliipaka nukta nyekundu, akaivika maua, na Bhavin akaweka picha ya Lakshmi ienee kioo kizima. Mama Jashoda akatazama, uso ukabadilika. Chini ya kioo kuna mkanda wa kijivu wa Windows, na mkanda ule ulikuwa umeifunika miguu ya mungu wao. "Filbert mwanangu," akasema, "miguu ndiyo tunayoigusa. Huwezi kuifunika." Nikaukamata mkanda kwa mausi nikauvuta ukasimama ubavuni, upande wa kushoto. Miguu ikaonekana na maua yake. Mama Jashoda alinipa pipi nyingi kiasi kwamba Zamzam alizichoka.

Mzigo wa kusini umeondoka Alhamisi tarehe 6. Dawa zako zimo, dada. Ergometrine ni katoni ya 212, nimeiona kwenye orodha kwa macho yangu.

Wako,
Filbert

*

Masasi
13 Desemba 1997

Filbert,

Marahaba. Mama anakusalimu. Zakayo anakusalimu. Mvua hii wanayoiita El Nino imevunja daraja letu, na ng'ambo ya mto tunaiona tu. Hii barua nampa padre anayekwenda Mtwara, labda itapanda ndege.

Mzigo ulifika tarehe 24 Novemba. Nina maswali mawili, nayo nataka uyajibu wewe, si ofisi yenu.

La kwanza. Katoni ya 212 ina lebo ya kupitishwa, yenye jina la Zamzam. Upande wa pili ina msalaba wa chaki. Uliniandikia mwenyewe maana ya msalaba wa chaki. Sasa nieleze katoni moja inawezaje kuwa na vyote viwili.

La pili. Nani alibandika lebo?

Nimeshaandika wilayani, na wao wataandika kwenu. Lakini barua ya wilaya itajibiwa na Bhavin. Hii jibu wewe.

Siwema

*

Kariakoo
2 Januari 1998

Dada Siwema,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Barua yako ilifika jana, imelowa pembeni. Poleni na daraja. Hapa nako Jangwani maji yamejaa, watu wanavuka kwa kubebwa mgongoni na wanaobeba wamepandisha bei.

Kuhusu katoni, ni hitilafu ya mashine. Mitambo hii ina mambo, dada. Waliotengeneza wenyewe wanakiri. Ilikuwa shehena moja iliyokaa juani bandarini wiki tano ndani ya kontena, katoni saba, Zamzam alizizuia zote na mashine ikazipitisha. Barua ya wilaya ilipofika, Bhavin alipiga simu Lindi, na sita zilikutwa bado bohari, hazijasambazwa. Kwa hiyo ni hiyo yenu moja tu, na naamini wewe ulipoona chaki uliiweka kando.

Zamzam amesimamishwa kazi. Jina lililo kwenye lebo ni lake, na neno la siri ni lake. Wakubwa wa dawa wanataka kumnyang'anya cheti. Nimemwambia Bhavin kwamba hata mimi nashangaa. Zamzam alikuwepo niliposema hivyo. Alichukua mkoba wake tu akaenda kwao Ilala.

Katika barua yako hukumtaja Tatu. Amejifungua? Mtoto gani? Nimeanza kuandika majina kwenye kisanduku cha kiberiti na kimejaa.

Filbert

*

Masasi
30 Januari 1998

Filbert,

Marahaba. Mama yupo. Zakayo yupo. Mahindi yameoza.

Umesema mashine. Basi nami nimetazama alama za mashine. Nina lebo ishirini na tatu za mzigo ule, nimezibandua na kuzipanga mezani kwa namba. Kila lebo na inayoifuata zimepishana sekunde nne. Sekunde nne, nne, nne, nne, hakuna tano, hakuna tatu. Filbert, nimeshika mikono ya watu miaka kumi na mitano. Mshipa wa mtu mzima mwenye afya unatetereka akikohoa, akiitwa jina, inzi akitua. Aliyepitisha katoni hizi hakukohoa.

Kwa hiyo Zamzam hakubonyeza. Unajua nami ninajua. Msichana aliyechora chaki alifanya kazi yake, na sasa anavuliwa cheti.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika tena, na safari hii usiniandikie habari za mashine.

Siwema

*

Kariakoo
22 Februari 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi. Programu yangu haioni vitufe. Haisomi. Inajua namba tu: hatua kadhaa kutoka kushoto, kadhaa kutoka juu, bonyeza. Nilipousogeza ule mkanda wa Mama Jashoda ukasimama kushoto, dirisha la programu ya Bombay likasukumwa kulia, upana wa vidole vitatu. Kitufe cha Pitisha ni kipana, kwa hiyo aliyelenga katikati yake bado alikigusa. Lakini pale palipokuwa na Zuia, sasa palikuwa na ukingo wa Pitisha. Kila kitu kikapita. Mashine iliporudi ghalani mkanda ulikuwa bado kushoto, na mimi niliuona nikafurahi kukumbuka pipi.

Nililigundua hili Desemba, siku barua ya wilaya ilipofika. Niliingia ghalani peke yangu saa ya chakula, nikaurudisha mkanda chini, na programu yangu nikaifuta. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu.

Unaona haikuwa kusudi. Ni mkanda tu, dada. Ni heshima niliyompa mama wa watu siku ya sikukuu yake. Nikisema nitafukuzwa, pengine nitafungwa, na nani atamtumia mama dawa ya miguu? Nawaza nisubiri, labda Zamzam watamwonea huruma.

Nilikutana na mtu wa kwetu pale Gerezani kwenye maduka ya vipuri, amekuja kwa meli kutoka Mtwara. Aliniona akasema, "Pole sana, kaka." Nikamuuliza pole ya nini. Akanitazama kidogo, akasema, "Ya mvua." Kisha akasahau spea aliyokuja kununua na kuondoka.

Dada, Tatu yuko wapi?

Filbert

*

Masasi
15 Machi 1998

Filbert,

Umeniambia mimi. Mimi siye niliyemsimamisha Zamzam.

Tena umenieleza mkanda ulikuwa wapi, kitufe kilikuwa wapi, dirisha lilikwenda wapi. Hukuniambia wewe ulikuwa wapi. Swali langu la pili la Desemba bado lipo.

Mama anakusalimu.

Siwema

*

Kariakoo
5 Aprili 1998

Dada Siwema,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya boksi nje ya chumba changu, kwa sababu ndani siwezi kukaa.

Jumatatu nilikwenda Ilala kumwita Zamzam. Mama yake hakunikaribisha ndani. Zamzam alikuja hata hivyo, akatembea hatua kumi nyuma yangu mpaka Kariakoo. Bhavin alikuwa dukani na Mama Jashoda. Nikasema mbele ya wote watatu, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

Nilisema habari za programu na habari za mkanda. Kisha nikasema lile ambalo wewe umeniuliza mara mbili. Lebo zilikuwa zinabandikwa na Zamzam siku zote, na hapo ndipo angeuona msalaba. Siku ile ya mzigo wa kusini kiganja kilimuuma sana. Nikamwambia, "Nenda zako kapumzike, nitabandika mimi, nitatazama kila moja." Nilitaka anione mwanamume wa maana. Alipotoka, dereva wa lori akaanza kupiga honi, nami nikawapa wapagazi bunda lote la lebo nikawaambia wafuate namba. Kisha nikaketi kutazama kishale kinavyokwenda chenyewe. Dada, nilikuwa nakitazama. Sikuchoka kukitazama. Katoni zilipita mgongoni kwangu na misalaba yake saba, na mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo.

Bhavin hakupiga kelele. Aliuliza, "Miezi minne, Filbert?" Nikasema ndiyo.

Mama Jashoda aliinuka akaja karibu. "Ni kwa ajili ya miguu? Ni mimi niliyekuomba?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Wewe uliomba mkanda uondoke. Kutazama niliacha mwenyewe." Alikaa akajifunika uso kwa ncha ya sari yake, na hilo liliniumiza kuliko yote ya Bhavin.

Zamzam ndiye aliyesema mwisho. "Nilikuwa nasubiri unitetee tu, hata mara moja," akasema. "Neno la siri nilikupa mimi, hilo ni langu na nitalijibu. Lakini uliposema unashangaa, Filbert! Mimi nimesimama pale, unashangaa!" Kisha akanionyesha kiganja chake. "Kimepona. Hiyo ndiyo faida niliyopata."

Bhavin ameandika barua kwa wakubwa wa dawa, nami nimeweka sahihi. Zamzam atahojiwa kwa kosa la neno la siri, lakini cheti hakichukuliwi. Mimi sina kazi tena, na nimepangiwa kufika kuhojiwa tarehe 20 Mei. Sijui watanifanya nini. Naogopa, sikufichi.

Kuhusu Tatu sitakuuliza tena. Kanga bado iko kwenye begi. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Mdogo wako,
Filbert

*

Masasi
29 Aprili 1998

Mdogo wangu Filbert,

Marahaba. Mto umepungua tangu wiki iliyopita, watu wanavuka kwa miguu. Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kukaa chini.

Sasa naweza kukuandikia.

Tatu alijifungua Alhamisi, tarehe 4 Desemba, saa nne asubuhi, hapa zahanati, mikononi mwangu. Mtoto alitoka akilia. Tatu akacheka, akasema, "Hukunipigia kelele." Kisha damu ikaanza. Nilimchoma ergometrine, kichupa cha katoni ya 212. Nilikisoma mara tatu kama nilivyofundishwa. Jina sahihi, kipimo sahihi, tarehe bado. Damu haikusimama. Nikachoma cha pili, nikamkanda tumbo, nikafanya yote ninayoyajua. Daraja halikuwepo. Wanaume walitengeneza machela, wakafika mtoni na kurudi naye, maji yalikuwa yanabeba miti. Saa sita kasoro alikuwa ameshakwenda, na kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya mama.

Sikukuletea simu ya upepo. Nilimkataza Zakayo, nikamkataza kila anayesafiri, na yule wa Gerezani ilibaki kidogo atoboe. Usingefika kuzika, barabara zilikuwa zimekatika kote. Lakini hiyo siyo sababu. Niliona lebo na msalaba, nikajua kuna mtu anaficha, nikaogopa kwamba ni wewe. Kama ningekuambia ni Tatu, ungekiri siku hiyohiyo, ungelia, sote tungelia nawe, na Zamzam angebaki amesahaulika Ilala. Nilitaka useme kweli kwa ajili ya mtu asiye wa damu yako. Ni ukatili, najua. Mama aliniambia ni ukatili, na wiki mbili hakula nilichopika.

Ipo na ya kwangu, ambayo nimekuficha kama ulivyonificha. Katoni ile ilipofika, msalaba niliuona. Mimi, siyo mwingine. Nilikuwa na barua yako ya Septemba kwenye droo, nilijua maana yake. Nikatazama lebo, imepitishwa, jina, saa, sekunde, nikasema watakuwa wameikagua upya. Nikachukua kitambaa nikafuta nusu ya msalaba, nikaiweka katoni kabatini kwa sababu nilikuwa nimeisubiri miezi miwili na nilifurahi kuwa nayo. Na dawa ndani ya kichupa ilikuwa ya manjano, Filbert. Inatakiwa iwe safi kama maji. Mara tatu nilisoma maandishi, sikutazama dawa hata mara moja. Mimi, niliyekuandikia habari za macho.

Barua yako ilipofika nilikwenda wilayani siku ya pili yake nikaeleza hayo yote, nikaweka sahihi. Nami nasubiri kuitwa. Kwa hiyo tuko sawa, mimi na wewe, na sina mahali pa kusimama nikukemee. Nimechoka kukukemea. Nakukumbuka ukiwa mdogo, Tatu mgongoni mwako, mnaiba maembe mabichi na chumvi yangu.

Mtoto yupo. Ni mvulana, ananyonya kwa mke wa jirani aliyejifungua wiki ileile, amenenepa na ana masikio yako. Mama anamwita Mgeni, kwa kuwa hana jina. Zakayo alitaka kumpa jina Januari, watu wa kwao walifika kabisa na kuku mkononi. Mama akawaambia mjomba wake yupo hai, na mpaka aje hakuna atakayesema neno mahali pake. Waliondoka na kuku wao.

Ukimalizana na hao wa tarehe 20, kwa namna yoyote watakayokuachia, njoo. Lete ile kanga, tutamfunikia mwanawe. Kadi yake ya kliniki iko hapa mezani. Nimejaza uzito wake mwezi hadi mwezi, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili. Mstari wa jina uko wazi. Nilishika kalamu mara moja nikataka kuujaza mimi, nikairudisha. Njoo umtazame kwanza, kisha uandike kwa mkono wako.

Dada yako,
Siwema